Ile laptopu ya kijani yenye masikio

SEHEMU YA 1

Wiki hii siandiki habari za homa, chanjo wala uji wa lishe. Kuna kitu kimenikaa kichwani tangu Jumanne.

Jumanne nilikuwa zamu ya usiku wodi ya watoto. Kuna mtoto wa miaka minne, mkono mmoja una kanula, mkono wa pili umeshika simu ya mama yake. Katuni ikiisha inakuja nyingine yenyewe, ikiisha inakuja nyingine. Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nesi, hivi kumpa mtoto simu ni kosa?" Nikamjibu ninavyowajibu wote: simu ikimtuliza mtoto wakati wa sindano, mimi sina ugomvi nayo. Lakini nilipokaa kuandika faili nikakumbuka kompyuta nyingine kabisa, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya mtoto tangu skrubu ya kwanza. Haipo tena sokoni.

Niliiona 2012. Nilikuwa bado chuo cha uuguzi, nikaenda Kigali likizo kwa mama yangu mdogo, ambaye ameolewa kule. Mdogo wangu, binti yake, alikuwa na miaka kumi. Siku hiyo akarudi kutoka shule amebeba kitu cha kijani na cheupe chenye mpini kama kikapu. Nikadhani ni kidude cha kuchezea. Akakiweka chini uani, akanyanyua masikio mawili ya kijani pembeni, akafungua. Kumbe laptopu! Na jua lile la saa nane mchana, kioo kikawa kinasomeka vizuri kabisa. Mimi simu yangu ya wakati huo, nikitoka nje tu, inageuka kioo cha kujitazamia.

Nikamwambia naomba nijaribu. Kibodi ilikuwa ya mpira, vitufe vidogo vya vidole vya mtoto. Vidole vyangu vilikuwa vinabonyeza viwili kwa wakati mmoja, yeye anacheka tu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mbele ya kompyuta ambayo mtu mzima ndiye mgeni.

Ile mashine inaitwa XO. Jina limetoka kwenye alama iliyo mgongoni: duara juu ya herufi X, ukiitazama vizuri ni mtoto amenyoosha mikono na miguu. Rangi za alama zilichanganywa makusudi ili watoto darasani wasipotezane, kila mmoja aijue yake kwa mbali. Aliyewaza hilo amewahi kuona watoto 50 wakigombania chupa za maji zinazofanana.

SEHEMU YA 2

Nimetoka zamu, nimelala, sasa tuendelee. Ilitoka wapi?

Babu wa hii habari ni Seymour Papert, mtu wa hisabati, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini, 1928. Alifanya kazi Geneva na Jean Piaget, yule ambaye sisi manesi tulimsoma chuoni kwenye somo la makuzi ya mtoto. Wenzangu mtakumbuka tulivyokariri zile hatua zake usiku wa kuamkia mtihani. Piaget alisema mtoto hajazwi elimu kama ndoo, anaijenga mwenyewe kichwani kwa kushika vitu na kuvijaribu. Papert akaenda chuo cha MIT kule Marekani akaliuliza swali lake: na kompyuta je, mtoto anaweza kuishika na kuijaribu hivyo hivyo?

Mwaka 1967 yeye na wenzake, akiwemo Cynthia Solomon, wakatoa lugha ya kompyuta inayoitwa Logo. Baadaye ndani yake akaingia kobe. Unamwamuru kobe nenda mbele hatua 100, pinda kulia nyuzi 90, na anapopita anaacha mstari. Rudia mara nne umepata mraba. Mtoto akikosea, kobe anakwenda kombo, na mtoto anajiuliza nimemwambia nini huyu? Hakuna alama ya vema wala kosa. Kuna kobe tu aliyekwenda siko.

Mwaka 1982 Papert na mwenzake Nicholas Negroponte walipeleka kompyuta za Apple kwa watoto wa shule Dakar, Senegal, kwenye mradi uliosaidiwa na Ufaransa. Wazo halikuwaacha. Januari 2005 Negroponte akatangaza kule Davos, kwenye mkutano wa wakubwa, kwamba atatengeneza laptopu ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Mpango wenyewe ulikuwa laptopu moja kwa kila mtoto. Novemba mwaka huo huo, Tunis, akasimama na Kofi Annan kuonyesha mfano wa kwanza. Ulikuwa na mpini wa kuzungusha kama wa cherehani ya mkono, ili kijijini pasipo umeme mtoto ajichajie mwenyewe. Annan akauzungusha. Mpini ukang'oka mbele ya waandishi wa habari.

Mpini huo ukaondolewa, na zile XO zilizosambazwa hazikuwa nao. Ila waliacha kitu ambacho wengi hawakukisikia: ile laptopu ilikubali umeme wa volti 12, yaani ungeweza kuichaji kwa betri ya gari au kwa sola bila hofu kubwa ya kuiunguza. Hilo mtalikuta tena huko mbele.

Nisimwache Papert bila kusema yaliyompata. Desemba 2006 alikuwa Hanoi, Vietnam, kwenye mkutano wa hisabati. Akivuka barabara akagongwa na pikipiki, akaumia kichwa vibaya. Inasimuliwa kwamba muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akizungumza na mwenzake namna ya kuueleza kihisabati msongamano wa pikipiki wa mji ule. Alibaki hai, akahitaji miaka ya kujifunza upya kuongea, akafariki 2016. Mimi nimewahi kukaa wodi ya majeruhi, wagonjwa wa bodaboda nimewafunga bandeji nyingi. Kila nikisoma habari ya huyu mzee naiona ile wodi: mtu aliyefundisha dunia namna mtoto anavyojifunza, anafundishwa maneno moja moja na mtaalamu wa mazoezi ya kuongea.

SEHEMU YA 3

Leo nawaingiza ndani ya mashine, na hapa nitachelewa kidogo maana ndipo utamu ulipo.

XO ilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa 2007, imetengenezwa na kampuni ya Quanta ya Taiwan. Kumbukumbu yake ya kuhifadhia ilikuwa gigabaiti 1. Moja! Picha za kipaimara tu za mtu mmoja zinaijaza. Haikuwa na feni, haikuwa na diski inayozunguka, kwa hiyo ukiidondosha hakuna cha kukwaruzika ndani. Yale masikio yalikuwa antena, na yakilazwa yanafunika matundu ya waya vumbi lisiingie. Kile kioo cha kusomeka juani kilibuniwa na Mary Lou Jepsen, mhandisi ambaye mwaka 1995 alitolewa uvimbe kwenye ubongo na tangu hapo anaishi kwa dawa za homoni kila siku. Baadaye alihamia kwenye vifaa vya kutazama ndani ya mwili wa binadamu. Huyo mama namheshimu bila kumjua.

Lakini kilichoniacha mdomo wazi siku ile uani si kioo. Ni mfumo wake, ulioitwa Sugar. Ndiyo, Sukari.

Kompyuta zote tunazozijua zilibuniwa kwa ajili ya ofisi. Ndiyo maana kuna mafaili, kuna folda, kuna meza ya kazi, kuna pipa la taka. Mtoto wa darasa la tatu ana folda gani? Sugar ilikuwa tofauti. Ukiwasha, unaona yule mtu wa XO, ambaye ni wewe, katikati, amezungukwa na shughuli zako kwa duara: kuandika, kupiga picha, kuchora, kutunga muziki, kobe wa Papert. Ukibonyeza kitufe kimoja unapanda juu kidogo, unawaona marafiki zako. Ukibonyeza kingine unaona mtaa mzima, kila laptopu iliyo karibu, na rangi zake. Hata pasipo intaneti, laptopu hizo ziliweza kushikana zenyewe kwa zenyewe. Mdogo wangu alinieleza kwamba darasani wanaandika hadithi moja watu watatu, kila mtu kwenye laptopu yake, na maneno ya mwenzako unayaona yanatokea.

Hakukuwa na kitufe cha kuhifadhi. Kila ulichofanya kilijiandika chenyewe kwenye daftari la kumbukumbu, kwa mpangilio wa siku. Jana ulichora nini, juzi ulimpiga picha nani. Ilifanana sana na kadi ya kliniki ya mtoto, nami nikaipenda palepale.

Kulikuwa na shughuli ya kupima umbali: laptopu mbili zinawekwa mbali, moja inatoa mlio, nyingine inasikia, zinapiga hesabu ya mwendo wa sauti na kukupa jibu kwa mita. Ukaanza ubishi uani, nani ana hatua kubwa. Tundu la maikrofoni nalo liliweza kupokea kipimo chepesi, kwa mfano cha joto, na mtoto akaona mstari ukipanda na kushuka kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimeuona mstari wa hivyo kwa mara ya kwanza chuoni, nina miaka 20, kwenye mashine ambayo tuliambiwa tusiiguse.

Halafu kulikuwa na kitufe kwenye kibodi ambacho sijakiona kwenye kompyuta nyingine yoyote. Ukikibonyeza, kinakuonyesha maandishi ya programu unayotumia. Yaani unacheza mchezo, unabonyeza, unaona mchezo umeandikwaje. Nyingi ziliandikwa kwa lugha ya Python, na kwa nyingi mtoto mwenye moyo aliruhusiwa kubadilisha namba moja aone kitatokea nini.

Na ya mwisho, hii tulikuja kuiona baadaye. Ndani ya mpini wa kubebea waliweka skrubu za akiba. Walijua itafunguliwa, na walitaka ifunguliwe. Kule Nigeria, shule ya Galadima pale Abuja, wanafunzi walianzisha hospitali ya laptopu, wanatengeneza wenyewe zilizougua.

SEHEMU YA 4

Mliniuliza: kitu kizuri hivyo kilikufaje? Hapa naongea kama nesi, mnisamehe.

Bei kwanza. Dola 100 haikufikiwa. Ilianza karibu na dola 188. Mwanzoni waliitaka kila nchi inunue si chini ya laptopu milioni 1, na viongozi wakaahidi jukwaani, kisha Libya na Nigeria zilizotajwa sana hazikutimiza. Makampuni makubwa nayo yakaamka. Intel alikuwa na laptopu yake ya watoto, akajiunga na mradi Julai 2007, akajitoa Januari 2008 kwa ugomvi. Asus wa Taiwan akatoa vilaptopu vidogo vya bei nafuu mwisho wa 2007, watu wazima wakavipenda, soko likahamia huko. Mwaka 2008 Walter Bender, aliyesimamia mfumo wa Sugar, akaondoka, na mwezi uliofuata mradi ukatangaza kwamba XO itaweza kutumia Windows. Januari 2009 nusu ya wafanyakazi wakapunguzwa. Mwaka 2013 jina la XO likauzwa kwenye tableti ya kawaida ya Android katika maduka ya Marekani.

Hayo ni ya sokoni. Yanayoniuma ni ya darasani.

Peru walinunua kuliko wote, zaidi ya 800,000. Mwaka 2012 benki ya maendeleo ya nchi za Amerika ikatoa utafiti wa shule 319 za huko, nyingi za vijijini. Kwenye hisabati na kusoma, watoto wenye laptopu hawakuwapita wasio nazo. Kwenye vipimo vya jumla vya kufikiri walikuwa mbele kidogo. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, walimu hawakuandaliwa vya kutosha, na watoto wengi hawakuruhusiwa kwenda nazo nyumbani, wazazi wakiogopa kulipishwa zikiharibika. Mama gani hataogopa? Ukimpa mtoto wangu kitu kinachozidi thamani ya mbuzi wangu, mimi nitakifungia kabatini.

Nimeiona hii sinema. Miaka fulani nyuma, kwenye hospitali niliyowahi kufanya kazi, ililetwa mashine ya kuwapa joto vichanga waliozaliwa kabla ya wakati. Nzuri, mpya, inang'aa. Tulipiga nayo picha. Maelekezo yalikuwa kwa lugha ambayo hakuna aliyeisoma, kipuri kimoja kilipoharibika hakuna aliyejua kiagizwe wapi, aliyetufundisha alikaa saa mbili akaondoka. Ikageuka meza ya kuwekea shuka, nasi tukarudi kwenye kangaroo, kumlaza mtoto kifuani kwa mama yake. Mashine haikuwa na kosa. Aliyeileta hakubaki.

Ndiyo maana nawatazama Uruguay kwa jicho lingine. Wao walianza Mei 2007 kwenye mji mdogo wa Villa Cardal, na kufikia Oktoba 2009 kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali alikuwa na XO yake, analala nayo nyumbani. Lakini hawakuishia kugawa. Waliunda chombo cha taifa cha kusimamia, wakavuta intaneti hadi shuleni, wakaweka utaratibu wa matengenezo, wakawageukia walimu. Chombo hicho kinaitwa Ceibal na kipo hadi leo, ijapokuwa watoto sasa wanatumia vifaa vingine.

Rwanda ndiyo nchi ya Afrika iliyokwenda mbali zaidi na XO, zaidi ya 200,000 kwa miaka kadhaa. Baadaye ikageukia laptopu za Positivo, zilizounganishwa pale pale nchini, na madarasa ya kompyuta za kawaida. Siwezi kuwalaumu. Mzazi wa Kigali anataka mwanae ajue kompyuta atakayoikuta kazini. Na mimi ningetaka hivyo.

Hata hivyo, Papert ninamdai jambo moja. Aliamini mno kwamba mtoto atajifunza mwenyewe, hata wale waliomfuata wakamsahau mama na mwalimu. Negroponte alipenda kusimulia kijiji cha Cambodia ambako wazazi walifurahia laptopu kwa sababu ndiyo iliyokuwa taa kali kuliko zote nyumbani. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mama aliyepata taa amepata kitu, ila angeweza kuambiwa pia kwamba ndani yake kuna kobe, na kwamba hata yeye anaweza kumwamuru.

SEHEMU YA 5

Ya mwisho, halafu Jumatatu tunarudi kwenye surua.

Desemba tulikwenda Kigali na mwanangu, ana miaka saba. Mdogo wangu sasa ni dada mkubwa, anasoma chuo. Nikamuuliza, ile laptopu ya kijani je? Ya kwake alishairudisha shuleni zamani, lakini jirani alikuwa na mbovu moja aliyoinunua kwa fundi, ipo chini ya kitanda. Ikaletwa. Vumbi, sikio moja limevunjika. Chaja hakuna.

Mdogo wangu akakumbuka habari ya volti 12. Kuna betri ya sola pale nyumbani, na fundi wa redio mtaa wa pili. Nitakiri niliogopa, nikamwambia mwanangu akae mbali. Fundi akakata waya, akapima mara mbili, akaunganisha. Taa ndogo ikawaka. Baada ya dakika nzima ya kusubiri yule mtu wa XO akatokea katikati ya kioo.

Ni nzito kuwaka, nisidanganye. Mtoto wa leo amezoea kugusa kioo, akawa anakigusa na hakuna kinachotokea. Nikadhani atachoka. Mdogo wangu akamfungulia kobe, akamwonyesha mbele, akamwonyesha kulia, akamwachia. Nyumba ya kwanza ilitoka haina paa. Ya pili paa likaenda upande. Alikaa pale mpaka ugali ukapoa, na mama mdogo, mwenye miaka 61, akiwa nyuma yake anamwambia, "Punguza, umempeleka mbali mno."

Kabla hatujaondoka tukaufungua ule mpini. Skrubu zilikuwamo, tatu.

Kwa wanaouliza, Sugar haijafa. Bender na wenzake walianzisha Sugar Labs mwaka ule ule wa 2008, watu wa kujitolea bado wanaitengeneza, na inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ya kawaida, hata kuukuu, bila malipo. Kobe yumo. Mimi nimeiweka kwenye laptopu ya zamani ya shemeji yangu, tunakaa nayo mimi na mwanangu Jumapili jioni nisipokuwa zamu. Juzi aliuliza yale maandishi aliyoyaona alipobonyeza kile kitufe kule Kigali yaliandikwa na nani. Nikamwambia na watu. Akataka kujua kama walikuwa watoto. Nikasema sijui, tutafute.

Saa moja kasoro robo hii, naingia wodini. Usiku mwema mama zangu.